Mafuriko hayakulirudisha Ziwa Karla

Mwishoni mwa Agosti 2024 wakazi wa Volos, mji wa bandari nchini Ugiriki, walikuta maji ya ufukweni yamefunikwa na samaki waliokufa. Zaidi ya tani 100 ziliopolewa ndani ya siku chache, uvundo ukatanda mjini, wenye mikahawa ya pwani wakakosa wateja katikati ya msimu wa watalii, na mji ukatangaziwa hali ya dharura. Samaki wale hawakuwa wa baharini. Walikuwa wa maji baridi, na walitoka bonde la Ziwa Karla, ambalo Wagiriki walilikausha mwaka 1962, wakaanza kulirudisha mwanzoni mwa karne hii kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, na ambalo mafuriko ya Septemba 2023 yalilitanua mpaka likakaribia ukubwa wake wa zamani. Hukumu hazikuchelewa. Wapo waliosema ziwa limejirudia lenyewe, mradi wa serikali haukuwa na maana, na binadamu aondoke bondeni ayaachie maji. Wapo waliozionyesha tani zile za samaki na kusema: mmeona, ziwa lililokufa halifufuki, na fedha zilizomwagwa pale zilipotea bure.

Naona pande zote mbili zimelisoma tukio vibaya, na usomaji huo una hatari hata kwetu huku Afrika Mashariki, ambako maziwa na ardhi oevu zinakauka upande mmoja na kufurika upande mwingine. Kilichorudi Karla mwaka 2023 ni maji. Lakini ziwa lenye uhai ni zaidi ya maji yaliyojaa shimoni. Linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka kwa majira, linahitaji maji ambayo samaki anaweza kuyapumua, na linahitaji viumbe waliosalimika mahali fulani karibu ili wawepo wa kurudi. Karla ilikosa sehemu kubwa ya mambo hayo kabla ya mafuriko, na ikaendelea kuyakosa baada yake. Ukilitazama hivyo, vifo vya Volos haviwi ushahidi dhidi ya kufufua maziwa. Vinakuwa ushahidi wa kazi iliyoachwa nusu.

Karla ilikuwa katika uwanda wa Thessalia, kati ya miji ya Larissa na Volos, chini ya milima ya Mavrovouni na Pelion. Wagiriki wa kale waliijua kwa jina la Boibeis. Haikuwa na mto wa kuitoa maji kwenda baharini, hivyo ilipokea mafuriko ya Mto Pinios na mvua za milimani, ikavimba, kisha jua la kiangazi likaipunguza. Kwa sababu hiyo ukubwa wake haukuwa na tarakimu moja: kuna nyakati ilikuwa na kilomita za mraba 40, na kuna nyakati ilifika 180. Ilikuwa na kina kifupi, matete mengi na samaki wengi, na wavuvi waliishi humo humo majini, katika vibanda vya matete walivyovijenga ziwani. Ndege wa majini walikuja kwa makundi makubwa kila majira ya baridi, wakiwemo mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo.

Waliolikausha hawakuwa wajinga wala waovu, na haki ya historia inatutaka tuwasikilize. Vijiji vilifurika mara kwa mara. Malaria ilikuwa imeua vizazi katika mabonde ya Ugiriki, ingawa kufikia miaka ya 1960 dawa ya DDT ilikuwa tayari imeipunguza sana. Nchi ilikuwa imetoka katika vita kuu na kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wakulima walililia ardhi. Basi Pinios ikajengewa matuta, handaki likachimbwa chini ya milima kupeleka maji hadi Ghuba ya Pagasitiko, na mwaka 1962 ziwa likaisha. Mpango wa awali ulisema sehemu ya ziwa ingebakizwa kama hifadhi ya maji. Sehemu hiyo haikujengwa. Jambo hili dogo ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata, kwa sababu kila mpango wa kukausha ardhi oevu huja na ahadi ya kubakiza kipande kwa ajili ya ndege na samaki, na kipande hicho ndicho hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Miaka iliyofuata ilitoa bili. Udongo wa sakafu ya ziwa katika maeneo mengi ulikuwa na chumvi na haukuzaa kama ilivyotarajiwa. Wakulima walipokosa maji ya juu walichimba visima, na visima vikashindana kwenda chini mpaka maji ya ardhini yakashuka, ardhi ikadidimia na nyufa zikatokea. Handaki nalo likawa mfereji wa kupeleka mbolea na dawa za mashambani hadi ghubani, kwa hiyo hasara ya ziwa ikahamia baharini. Wavuvi wakageuka wakulima wa pamba, au wakahama. Hivyo wazo la kuirudisha Karla halikutokana na mapenzi ya ndege peke yake. Lilitokana na hesabu: kulikausha ziwa kumeleta gharama kuliko ilivyodhaniwa.

Kilichojengwa, hata hivyo, hakikuwa ziwa la zamani. Ni eneo la kilomita za mraba 38 hivi, katika sehemu ya chini kabisa ya bonde, lililozungushiwa matuta, linalojazwa kwa pampu kutoka Mto Pinios na kwa maji ya mvua. Lilianza kujazwa mwishoni mwa muongo wa 2000 na kuzinduliwa rasmi mwaka 2018. Lilipewa kazi nyingi kwa pamoja: kumwagilia mashamba, kupumzisha visima, kupokea mafuriko na kuwa makazi ya viumbe. Ndege walirudi, na hilo lisidharauliwe. Mwari wameonekana tena wakivua pale. Lakini mwaka 2010, maji yakiwa bado yanajazwa, samaki walikufa kwa wingi mara mbili mfululizo, na watafiti walikuta maji yamejaa vijimea vidogo vinavyotoa sumu. Bakteria wa rangi ya bluu-kijani nao wamekuwa wageni wa kila kiangazi. Sababu yake haina siri. Pinios hupita katikati ya moja ya nyanda zinazolimwa zaidi Ugiriki, na maji yake yakiingizwa katika eneo la kina kifupi lisilo na njia ya kutokea, mbolea inabaki humo, jua linapiga, vijimea vinashamiri, na usiku vinapovuta hewa yote iliyomo majini samaki hawana pa kukimbilia.

Kisha ikaja dhoruba iliyopewa jina la Daniel. Kati ya tarehe 4 na 7 Septemba 2023 mvua ilinyesha Thessalia kwa namna ambayo vituo vya hali ya hewa vya huko havikuwahi kuiandika. Katika kijiji cha Zagora, Pelion, zilipimwa milimita zaidi ya 700 kwa siku moja. Kwa anayetaka kulielewa hilo kwa kipimo cha kwetu, ni zaidi ya nusu ya mvua ambayo Dar es Salaam huipata kwa mwaka mzima. Watu 17 walikufa Ugiriki, kabla dhoruba hiyo hiyo haijavuka bahari na kubomoa mabwawa ya Derna nchini Libya, ambako waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Katika bonde la Karla maji yaliruka matuta na kutanda mashambani, yakavimeza vijiji kama Sotirio, na yakafika hadi kilomita za mraba 180 hivi. Ramani za zamani zikatolewa makabatini, zikalinganishwa na picha za satelaiti, na mistari ikakaribia kulingana. Hapo ndipo msemo wa ziwa kujirudia ulipozaliwa.

Nauelewa mvuto wa msemo huo. Unafariji, kwa sababu unatuambia kwamba hata tukiharibu, maumbile yana kumbukumbu na siku moja yatadai chao. Sehemu yake ni kweli: maji hufuata mteremko, na sakafu ya ziwa inabaki kuwa mahali pa chini hata ikilimwa kwa miaka 60. Lakini tazama maji yale yalikuwa yamebeba nini. Yalipita kwenye maghala ya viuatilifu, mashimo ya vyoo, vituo vya mafuta, mabanda ya kuku na mazizi. Mizoga ya mifugo ilielea humo kwa wiki. Yalitanda juu ya udongo uliolishwa mbolea kwa miongo sita. Chini yake hapakuwa na matete wala mizizi ya kuchuja kitu, hapakuwa na kingo za mteremko taratibu ambako samaki hutaga, wala konokono na wadudu wa tope ambao ndio msingi wa chakula cha ziwa lolote. Kulikuwa na mabua ya pamba, barabara za lami na sebule za watu. Kuyaita hayo marejeo ya ziwa ni kumdhulumu aliyepoteza nyumba na kuwadhulumu pia viumbe tunaodai kuwatetea.

Hoja ya upande wa pili, ile ya tani za samaki, ni dhaifu zaidi, nayo ndiyo imesikika kwa sauti kubwa zaidi. Inasema samaki wamekufa, kwa hiyo kufufua ziwa ni ndoto. Fuata mlolongo wa mambo uone inavyoporomoka. Mafuriko yaliwatoa samaki katika mito na katika eneo la matuta, yakawasambaza bonde zima. Walizaana katika maji yale mapana. Kisha kazi ya kulikausha bonde ikaanza, kama ilivyopaswa kwa ajili ya watu, na maji yakaelekezwa baharini kwa handaki lile lile la mwaka 1962. Eneo la maji likasinyaa, samaki wakasukumwa pamoja nayo, wakaingia katika chumvi ya ghuba wakafa. Volos walibishana sana kuhusu nyavu: nani alipaswa kuzitega pale maji yanapoingia ghubani kabla samaki hawajafika baharini, na kwa nini hazikutegwa mapema. Ni ubishi wa haki, kwa kuwa uzembe wa namna hiyo una mwenyewe. Lakini hata nyavu zingetegwa, swali lingebaki: samaki wale wangekwenda wapi? Walikufa kwa kukosa ziwa la kurudi maji yaliposhuka. Anayetumia vifo vyao kupinga ufufuaji wa ziwa anatumia matokeo ya ukaushaji kama sababu ya kukausha zaidi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wakulima, na haijibiwi kwa sentensi mbili. Wao hawakuvamia. Serikali ndiyo iliyokausha, ikapima, ikagawa, ikawaambia walime. Wamezika wazazi wao pale. Uwanda wa Thessalia unatoa sehemu kubwa ya pamba ya Ugiriki, na anayelima hekta zake chache juu ya sakafu ya Karla hana benki ya kumlipa kwa kuwapisha mwari. Washauri wa kampuni ya Kiholanzi ya HVA, walioitwa baada ya mafuriko kuandaa mpango wa maji wa eneo hilo, walipendekeza kilimo cha pamba kipunguzwe kwa sababu ya maji kinayoyatumia, na wakulima wengi waliliona pendekezo hilo kama amri ya kufunga virago. Siwalaumu. Mtetezi wa mazingira anayefika na picha ya ndege mkononi bila jibu la nani atafidiwa, kwa kiasi gani na lini, hajaja na mpango. Ninachobishana nao ni sehemu moja tu: imani kwamba matuta marefu zaidi na pampu kubwa zaidi zitawalinda. Matuta ya Pinios yalijengwa kwa ajili ya mafuriko ya zamani. Bahari ya Mediterania ina joto zaidi sasa, na dhoruba inayopita juu ya bahari yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Ardhi iliyo chini kabisa ya bonde itakuwa ya kwanza kuzama kila mara, hata tuta lirefushwe vipi. Kulipwa leo ili mashamba ya chini kabisa yageuzwe kuwa eneo la kupokea mafuriko, huku mashamba ya juu yakibaki, kuna faida kwa mkulima kuliko kungoja kupoteza mazao, matrekta na nyumba bila malipo.

Wahandisi nao wana hoja yao, na ni ya watu wenye akili timamu: eneo la kilomita za mraba 38 linatosha, ni suala la kulisimamia vizuri. Tatizo la hoja hii linaonekana kiangazi. Julai na Agosti ndipo pamba inapohitaji maji mengi, na ndipo pia vifaranga wa ndege wa majini na samaki wadogo wanapohitaji kina kisishuke ghafla. Maji yakishushwa haraka kwa pampu, viota vinabaki nchi kavu na samaki wanabanwa kwenye madimbwi ya moto. Kushuka kwa ziwa si kosa lenyewe, maana ziwa la asili la eneo hilo lilishuka kila mwaka. Lilishuka polepole, likaacha ukingo mpana wa tope na majani ambamo ndege wa miguu mirefu walikula, na likapanda tena majira ya baridi likiufunika ukingo huo. Eneo lenye kuta zilizosimama halina ukingo wa namna hiyo. Maji yakishuka mita moja pale, unachopata ni ukuta mrefu zaidi. Uhai mwingi wa ziwa la kina kifupi uko pembeni, katika ule mkanda ambao leo ni maji na mwezi ujao ni nchi kavu, na mkanda huo ndio mradi wa Karla uliuacha nje ya matuta kwa sababu ulikuwa na mashamba.

Ulinganisho wa mahali pengine unasaidia kuona kinachorudi na kisichorudi. Ziwa Hula, kaskazini mwa Israeli, lilikaushwa kati ya mwaka 1951 na 1958 kwa sababu zile zile za malaria na kilimo. Udongo wake ulikuwa wa mboji, na ulipokauka ulididimia, ukawaka moto wa chini kwa chini, ukapeperushwa na upepo, na naitrati zake zikaanza kutiririka kuelekea Ziwa Kinneret, lililokuwa chanzo kikuu cha maji cha nchi wakati huo. Mwaka 1994 sehemu ndogo, kilomita ya mraba moja hivi, ilijazwa tena maji. Leo korongo hutua pale kwa makumi ya maelfu wakati wa baridi, na korongo weupe wanaotoka Ulaya hupumzika katika bonde hilo kabla ya kuja mpaka nyanda za Tanzania na Kenya, kwa hiyo dimbwi lile la mbali linatuhusu hata sisi. Chura mmoja wa Hula, aliyetangazwa kutoweka mwaka 1996, alionekana tena mwaka 2011. Lakini alionekana wapi? Ndani ya kipande kidogo cha ardhi oevu ambacho wanasayansi waligombania kisikaushwe katika miaka ya 1950. Samaki wa aina mbili waliokuwa hawapatikani popote duniani isipokuwa Hula hawakuwa na kipande cha namna hiyo. Wao wametoweka moja kwa moja, na maji ya mwaka 1994 hayakuwa na mtu wa kumrudisha.

Aral ya Kaskazini, nchini Kazakhstan, inathibitisha jambo hilo kwa upande wa furaha. Bahari ya Aral iliangamizwa na umwagiliaji wa pamba wa enzi za Kisovieti, chumvi ikapanda mpaka samaki karibu wote wa asili wakafa, akabaki samaki bapa aliyeletwa kutoka Bahari ya Azov katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 tuta la Kokaral, lenye urefu wa kilomita 13 hivi, lilikamilika na kuyazuia maji ya Mto Syr Darya yasipotelee kusini. Wataalamu walidhani ziwa lingechukua miaka kufika kimo kilichopangwa. Lilifika ndani ya miezi. Chumvi ikashuka, na samaki wa maji baridi wakarudi, uvuvi ukafufuka, wanakijiji wakanunua mashua mpya. Wengi husimulia habari hii kama ushindi wa tuta. Tuta lilikuwa sharti, lakini samaki hawakutoka kwenye saruji. Walitoka mtoni na katika viziwa vya delta ya Syr Darya, ambako walikuwa wamejificha kwa miongo mitatu. Kama viziwa hivyo navyo vingekaushwa kwa ajili ya ekari chache zaidi za mpunga, Kokaral ingekuwa na maji masafi yasiyo na mkaaji. Tena ushindi huo ulikuwa na bei ambayo haitajwi sana: kuokoa kaskazini kulimaanisha kuikatia tamaa kusini, na mwaka 2014 bonde la mashariki la Aral ya Kusini lilikauka lote.

Nageukia kwetu, kwa sababu kosa la kuhesabu maji na kusahau ziwa tunalo pia. Maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamepanda tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, yakafurika vibaya mwaka 2020. Baringo ilimeza shule, zahanati na hoteli, na Naivasha ikaingia mtaa wa Kihoto. Mtu angedhani maji mengi yameleta uhai mwingi. Ziwa Nakuru linatoa jibu tofauti: maji baridi yaliyoongezeka yaliyazimua magadi, mwani ambao heroe huula ukapungua, na heroe wakahama. Ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa kwa miaka mingi, na wale ndege waliolipa umaarufu hawakuwa na chakula ndani yake. Kwa waliofurika Kihoto, mkasa wao ni wa Sotirio ile ile: watu walijenga mahali ambapo ziwa lilikuwa limepaacha kwa muda, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuwaambia kwamba litarudi.

Tanzania tuna Ihefu, ardhi oevu ya bonde la Usangu inayolisha Mto Ruaha Mkuu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na viboko wakabanana kwenye madimbwi ya mwisho ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Jibu la serikali, mwaka 2006 na 2007, lilikuwa kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao Usangu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mbona basi mto uliendelea kukauka katika viangazi vingi vilivyofuata? Kwa sababu maji ya Ihefu huamuliwa juu yake, katika mifereji ya skimu za mpunga za Mbarali, Kapunga na nyinginezo, na katika mashamba yasiyo na hesabu yaliyo kando ya mito inayoingia Usangu. Kumwondoa mchungaji ni rahisi kisiasa, maana hana hati wala mwanasheria. Kufunga lango la mfereji kwa mwenye skimu mwezi Septemba ni vigumu. Tukapewa mpaka wa hifadhi mahali tulipohitaji ratiba ya maji, na watu waliohamishwa wakabeba gharama ya suluhisho ambalo halikuwa suluhisho. Nasema haya nikijua kwamba mchele wa Mbarali ndio upo kwenye sahani zetu. Hiyo ndiyo sababu suala hili linahitaji mezani wakulima wenyewe, kama Thessalia, na si kikosi cha operesheni.

Sheria zetu nazo zimetuzoeza kuliona ziwa kama duara lisilohama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mita 60 kutoka wapi? Kutoka ukingo wa kiangazi au wa masika? Wa mwaka wa ukame au wa mwaka wa El Niño? Katika ufuko tambarare kama wa Rukwa, maji yanaweza kusogea kilomita nyingi kati ya mwaka mmoja na mwingine. Mpaka unaopimwa siku ambayo mpimaji alifika na vifaa vyake unamlinda mnunuzi wa kiwanja, haulindi ziwa, na masika makubwa yakija haumlindi hata huyo mnunuzi. Kimo cha juu cha maji kinachojulikana katika miaka 60 au 100 iliyopita ndicho kilipaswa kuwekewa bikoni, na ardhi iliyo chini yake ipewe matumizi yanayovumilia kuzama: malisho, mboga za msimu, uvuvi, matete ya kuezekea.

Nikitafuta mahali pa kuanzia, sianzii kwenye ziwa lililokauka. Naanzia Kanyaboli. Hili ni ziwa dogo katika kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, lililotengwa na Ziwa Victoria kwa mafunjo. Sangara walipoletwa Victoria na kuwala samaki wa asili kwa mamia ya aina, Kanyaboli haikufikiwa. Ngege, samaki aliyelisha vizazi vya Waluo kabla ya sato wa kigeni, amekaribia kuisha Victoria lakini yumo Kanyaboli. Siku yoyote ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zitaamua kwa dhati kuirudishia Victoria samaki wake, mbegu itatoka kwenye viziwa vya namna hii, jinsi ilivyotoka kwenye delta ya Syr Darya. Na kinamasi hicho ndicho kilichokatwa hekta 2,300 kwa ajili ya kilimo tangu awamu ya kwanza ya ukaushaji, kikakodishwa kwa mwekezaji wa mpunga mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kimeendelea kugombaniwa baada ya mwekezaji huyo kuondoka. Wanaopanga ukodishaji unaofuata huweka mezani tani za mpunga au miwa kwa hekta, na idadi ya ajira. Hesabu hiyo iwekwe, watu wa Siaya na Busia wanazihitaji ajira. Pembeni yake iwekwe pia gharama iliyolipwa Karla: handaki la kukausha, visima vilivyofuata, matuta ya kurudisha, pampu za kujaza, fidia za mafuriko, na mkandarasi wa kuopoa samaki baharini.